Saa za huduma kama sehemu ya ada: ulinganisho wa ufadhili wa chuo kikuu kwa wanafunzi wa Kipalestina

Kijana wa Kipalestina aliyefaulu vizuri tawjihi, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, na ambaye kwao hakuna fedha za ada, hukutana na milango michache ya ufadhili, na mingi kati ya hiyo humtaka arudishe kitu kwa jamii. Sharti hilo huandikwa kwa maneno yanayokaribiana kila mahali, lakini uzito wake hutofautiana sana. Mahali pamoja ni saa nne za kila wiki pamoja na watoto wa mtaa, mahali pengine ni saa 50 tu katika masomo yote, na pengine ni ahadi ya kurejea nyumbani baada ya kuhitimu, ilhali funguo za mpaka wa kurudi kwao hazimo mikononi mwa mwenye kuahidi. Makala haya yamekusudiwa kwa mwalimu, mlezi au mhisani anayemsaidia kijana wa namna hiyo kuchagua, na vilevile kwa vikundi vya misikitini, makanisani na vyuoni kwetu vinavyochangisha ada ya mwanafunzi wa Kipalestina na vinavyotaka kujua ni sharti gani la haki kumwekea.

Nianze na msimamo wangu, kwa kuwa ulinganisho wote unaofuata umejengwa juu yake. Saa za huduma ni gharama ya kweli, na zinapaswa kuhesabiwa kwa umakini uleule tunaohesabia ada. Mwanafunzi anayetoa saa nne kila wiki, kwa wiki 30 za mwaka wa masomo, hutoa saa 120 kwa mwaka na saa 480 katika shahada ya miaka minne. Katika saa hizo mwenzake asiye na sharti hilo huweza kufanya kazi ya malipo, kukaa maabara au kuwasaidia wazazi shambani. Sisemi haya ili kuipinga huduma, kwani huduma iliyopangwa vizuri humkomaza kijana na kuwafaa watu wake. Nasema kwamba sharti lisomwe kabla ya kiasi cha fedha, kwa sababu fedha hulipwa mara moja kwa muhula ilhali saa hudaiwa kila wiki.

Sharti la chuo si sharti la mfadhili

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba baadhi ya vyuo vikuu vya Palestina humdai kila mwanafunzi saa za kujitolea, awe anafadhiliwa au anajilipia mwenyewe. Chuo Kikuu cha Birzeit, kilicho kaskazini mwa Ramallah, ndicho mfano unaojulikana zaidi. Tangu mwaka 1972, kilipokuwa bado chuo kidogo kisichotoa shahada kamili, Birzeit kimekuwa na mpango wa kazi za jamii, na mwanafunzi hapati shahada yake bila kutimiza saa 120 za kazi hizo. Mpango huo ulizaliwa wakati mmoja na kamati za kazi za kujitolea zilizoenea Ukingo wa Magharibi miaka ile, vijana wa mjini walipotoka kwenda vijijini kutengeneza njia na kuchuma zeituni pamoja na wakulima. Kamati hizo nazo zilisimama juu ya desturi ya zamani ya wanakijiji kusaidiana wakati wa mavuno, desturi ambayo mtu aliyewahi kuitikia msaragambo hahitaji kuelezwa. Hadi leo mavuno ya zeituni ya Oktoba na Novemba ni mojawapo ya njia ambazo mwanafunzi wa Birzeit hutimiza saa zake, na katika vijiji vilivyo karibu na makazi ya walowezi kuwepo kwa kundi la wanafunzi shambani kuna thamani inayozidi idadi ya debe zilizochumwa.

Chuo Kikuu cha Kitaifa cha An-Najah, kilichoko Nablus, kina sharti la aina hiyohiyo lakini jepesi zaidi: saa 50, zikiwa sehemu ya somo la huduma kwa jamii. Wanafunzi wake wengi huzitimiza katika asasi za mjini humo, kwa mfano Tomorrow's Youth Organization, ambayo tangu mwaka 2007 imekuwa ikiendesha shughuli za watoto kutoka kambi za wakimbizi na vitongoji vya Nablus.

Kwa mwenye kuchagua, tofauti kati ya saa 120 na saa 50 isiwe sababu ya kukikimbia chuo kimoja kwenda kingine, kwani saa 120 zikigawanywa katika miaka minne ni saa 30 kwa mwaka, na kijana mwenye afya huzimaliza bila kuumia. La muhimu ni kile kinachotokea sharti la chuo linapokutana na sharti la mfadhili. Mwanafunzi wa Birzeit mwenye mfadhili anayedai saa nne kwa wiki anaweza kujikuta na madeni mawili, iwapo hakuna aliyeuliza mapema kama saa zilizotolewa kwa mfadhili zitakubaliwa chuoni. Swali hilo liulizwe kwa maandishi, kwa ofisi zote mbili, kabla ya kutia saini. Na kikundi cha kwetu kinachomlipia ada mwanafunzi wa Birzeit au An-Najah kingefanya uungwana kuzitambua saa za chuo kuwa zinatosha, badala ya kuongeza zake juu.

Ieleweke pia kwamba ada katika vyuo vya Palestina huhesabiwa kwa dinari za Jordan kwa kila krediti, yaani kipimo cha ukubwa wa somo, ilhali familia nyingi hupata kipato chao kwa shekeli. Mfadhili anayeahidi kiasi maalumu cha shekeli, au cha shilingi zetu, anaweza kumwacha mwanafunzi na pengo lisilotokana na kosa la yeyote. Ahadi ya kulipia idadi fulani ya krediti ni salama zaidi.

Saa nne kwa wiki: Ruwwad na Perach

Miongoni mwa mipango ambayo fedha na huduma zimefungwa pamoja waziwazi, miwili inafaa kuwekwa ubavuni kwa ubavuni, kwa sababu inadai kiasi kilekile cha saa, lakini katika mazingira ambayo ni mbalimbali kabisa.

Wa kwanza ni wa Ruwwad, asasi iliyoanzishwa mwaka 2005 katika mtaa wa Jabal al-Nathif, mashariki mwa Amman, ambako wakazi wengi wana asili ya Palestina. Mwanzilishi wake ni Fadi Ghandour, mfanyabiashara aliyeianzisha kampuni ya usafirishaji ya Aramex. Mfuko wa ufadhili wa asasi hiyo umepewa jina la Mousab Khorma, mtaalamu wa benki aliyeuawa katika milipuko ya hoteli za Amman ya Novemba 2005. Vijana wa mtaa hulipiwa masomo ya chuo kikuu au ya ufundi, nao kila wiki hutoa saa nne za kazi katika shughuli za asasi, kama vile kuwafundisha watoto masomo ya ziada, kuendesha maktaba na kukarabati nyumba za majirani. Pamoja na kazi hiyo kuna vikao vya mijadala ambamo wafadhiliwa huzoezwa kuzungumza, kubishana kwa hoja na kusikiliza. Kutoka Amman mpango huo umefika pia Lebanon na Misri, na ndani ya Palestina umefika Budrus, kijiji kilicho magharibi mwa Ramallah ambacho wanakijiji wake, kwa maandamano ya amani ya mwaka 2003 na 2004, waliilazimisha Israel kuusogeza ukuta wake wa utengano, wakaiokoa sehemu kubwa ya mizeituni yao.

Wa pili ni Perach, ambao unawahusu Wapalestina wenye uraia wa Israel wanaosoma katika vyuo vya nchi hiyo. Ulianza katika miaka ya 1970 kwenye Taasisi ya Weizmann na baadaye ukaenea nchi nzima. Mwanafunzi wa chuo hupewa mtoto mmoja wa kumlea kimasomo, hukutana naye mara mbili kwa wiki kwa saa mbili kila mara, na mwisho wa mwaka hupata sehemu ya ada yake, ambayo kwa desturi imekuwa karibu na nusu. Wanafunzi wengi wa Kiarabu huifanya kazi hiyo katika miji na vijiji vyao wenyewe, kwa Kiarabu, na watoto wa shule walizosoma wao.

Kwa hesabu ya saa peke yake mipango hii miwili ni sawa. Ukiitazama kwa kina, hata hivyo, Ruwwad humchukua kijana pamoja na mtaa wake mzima. Anayefadhiliwa leo huenda alikuwa mtoto wa maktaba ileile miaka kumi iliyopita, huduma yake iko umbali wa kutembea kwa miguu, na mama yake anawafahamu wasimamizi kwa majina. Katika Jordan, nchi ambayo zaidi ya nusu ya wanafunzi wa vyuo vikuu ni wanawake, na ambamo familia nyingi hazipendi binti arudi usiku kutoka mji mwingine, ukaribu huo ndio unaoamua kama binti atasoma au hatasoma. Upungufu wa Ruwwad unatoka katika sifa hiyohiyo: anayeishi nje ya maeneo yake hana pa kuanzia, hata akiwa hodari kuliko wote.

Perach una upana ambao Ruwwad hauna, kwani ukiwa chuo chochote cha Israel unaweza kuomba, na utaratibu wake unajulikana tangu siku ya kwanza. Lakini fedha yake haitoshi peke yake, kwa hiyo ni ufadhili wa kuongezea juu ya mwingine, si wa kutegemewa. Jingine ni kwamba mlezi asiuchanganye na utumishi wa kitaifa wa kiraia wa Israel, ambao nao hutoa marupurupu kwa vijana wanaojitolea lakini umepingwa kwa miaka mingi na viongozi wa Waarabu nchini humo, kwa kuwa wanauona kuwa ni mbadala wa utumishi wa jeshi. Perach ni kazi ya kumsaidia mtoto masomo. Kijana anayesitasita kwa sababu ya mjadala huo aelezwe tofauti hii, kisha aachwe aamue mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye atakayeishi na majirani zake.

Nikilazimika kuchagua kati ya miundo hii miwili, bila kujali jiografia, ningechagua ule wa Ruwwad. Sababu yangu ni kwamba vikao vya mijadala na kazi za pamoja huwapa wafadhiliwa wenzao wa kudumu, watu watakaotafutiana kazi na kusimamiana misibani, jambo ambalo mkutano wa mwanafunzi mmoja na mtoto mmoja, ingawa una heri yake kubwa kwa mtoto, haulizai kwa urahisi.

Ufadhili mkubwa wa kuondoka nyumbani

Kwa kijana anayeweza kutoka, programu ya Tomorrow's Leaders, iliyokuwa ikilipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ilikuwa kwa miaka mingi miongoni mwa zile zenye ukarimu mkubwa zaidi. Iliwapeleka vijana wa nchi za Kiarabu, wakiwemo wa Ukingo wa Magharibi na Gaza, katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Chuo Kikuu cha Kimarekani cha Lebanon na Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo, na ililipa ada, malazi na posho. Badala yake mfadhiliwa alitakiwa kudumisha alama za juu, kushiriki mafunzo ya uongozi, kufanya mafunzo kazini, na kubuni na kutekeleza shughuli za kuwafaa wananchi.

Sharti hilo la mwisho linatofautiana kwa asili na saa nne za Amman. Hapa mwanafunzi hapewi kazi iliyokwisha kupangwa, bali hutakiwa aitafute mwenyewe, aandike mpango, atafute washirika na kutoa ripoti. Kwa kijana mwenye kujiamini hiyo ni shule nzuri sana ya usimamizi. Kwa yule anayehangaika na Kiingereza katika mwaka wake wa kwanza, akiwa mbali na mama yake katika jiji geni, ni mzigo unaomwangukia wakati mbaya. Isitoshe, huduma yenyewe huifaidi Beirut au Cairo kwanza, na kijiji cha kwao huisikia kwa mbali tu.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, programu za namna hii zilitikiswa, na wanafunzi waliokuwa katikati ya masomo wakajikuta wakingoja maamuzi ya wanasiasa wasiowajua. Simlaumu aliyeutegemea ufadhili huo, kwa maana hakuna aliyekuwa na njia ya kulitabiri jambo hilo. Ila tangu hapo namshauri kila mlezi aulize swali ambalo zamani lilionekana halina adabu: fedha za miaka yote ya masomo zimekwisha kutengwa, au hupitishwa upya kila mwaka? Mfuko mdogo uliokwisha kutenga fedha za miaka minne ni bora kuliko mkubwa unaosubiri bajeti.

Ahadi ya kurejea

Kundi jingine halidai saa, linadai miaka. Mpango wa HESPAL, unaosimamiwa na British Council tangu mwaka 2010, huwapeleka Uingereza wahadhiri wa vyuo vya Palestina, na wale wanaotarajiwa kufundisha huko, kwa masomo ya uzamili na uzamivu, kwa matarajio kwamba watarudi kufundisha. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza unaojulikana pia kwa wasomi wetu wa Nairobi na Dar es Salaam, hulipia mwaka mmoja wa uzamili na humtaka mhitimu akae nchini mwake miaka miwili baada ya masomo. Kwa mtu wa kwetu sharti hilo ni tiketi ya ndege tu. Kwa mtu wa Gaza ni jambo lisilo katika uwezo wake: kivuko cha Rafah kilifungwa Mei 2024, na hata kabla ya vita vilivyoanza Oktoba 2023 kutoka na kuingia kulitegemea orodha na vibali. Mnamo Septemba 2025 wanafunzi wa kwanza wa Gaza waliopata ufadhili walisafirishwa hadi Uingereza, baada ya kungoja kwa muda mrefu, na mtu anayeshuhudia jinsi walivyotoka anaona wazi jinsi ilivyo vigumu kuahidi tarehe ya kurudi.

Kati ya hiyo miwili, HESPAL ndio unaolingana zaidi na maana ya huduma, kwa sababu kila mhadhiri anayerudi hufundisha mamia ya wanafunzi, na hasa sasa ambapo majengo ya vyuo vikuu vya Gaza yamebomolewa na walimu wengi wameuawa. Chevening una faida ya kuwa wazi kwa watu wa fani nyingi, si wahadhiri pekee. Anayeomba wowote kati ya hiyo apate maelezo ya maandishi kuhusu hali ya mhitimu ambaye amezuiwa kurudi kwa sababu zisizo zake.

Kuba nayo ina Shule ya Udaktari ya Amerika ya Kilatini, iliyofunguliwa karibu na Havana mwaka 1999 na ambayo imewasomesha Wapalestina miongoni mwa vijana wa mataifa mengi. Masomo ni ya bure, hufanywa kwa Kihispania, na mwanafunzi hutoa ahadi ya kimaadili ya kwenda kuwatibu maskini wa kwao. Naipenda roho ya sharti hilo kuliko masharti mengine yote yaliyotajwa hapa, kwa kuwa linamwambia kijana tangu mwanzo kwamba taaluma yake yenyewe ndiyo huduma. Lakini pendo hilo lisitufanye tusione ugumu. Kisiwa hicho kina uhaba mkubwa wa umeme na mahitaji, na Oktoba 2024 gridi yake yote ilizimika. Mhitimu akirudi hukabiliwa na mitihani ya leseni kwa lugha ambayo hakuisomea. Akiwa mkimbizi wa Lebanon, hukuta kwamba udaktari, kama uhandisi na sheria, uko chini ya vyama vya taaluma ambavyo kwa kawaida havimpokei Mpalestina, hivyo njia iliyobaki ni hospitali za Hilali Nyekundu ya Palestina na zahanati za UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, ndani ya kambi. Hapo ahadi yake hutimia kweli, kwa mshahara mdogo, na ni haki ajue hivyo akiwa na miaka 18 badala ya kuligundua akiwa na miaka 26.

Mlango ambao wengi wetu huutaja kimakosa

Katika Kenya, Uganda na Rwanda wasomi wengi wakimbizi wamesoma kwa ufadhili wa DAFI, ambao UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, huuendesha tangu mwaka 1992 kwa fedha zilizotoka Ujerumani kwanza na kisha kwa wafadhili wengine, na ambao wafadhiliwa wake huhimizwa kuzitumikia jamii za wakimbizi wenzao. Ni rahisi basi mtu wa kwetu kumwelekeza rafiki wa Kipalestina huko. Wapalestina wanaoishi Jordan, Lebanon, Syria, Ukingo wa Magharibi na Gaza, hata hivyo, wako chini ya UNRWA, na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 huwaweka kando wale wanaopata msaada wa shirika jingine la Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo kwa kawaida DAFI hauwahusu, na muda wa maombi haufai kupotezwa huko bila kwanza kuuliza ofisi ya UNHCR ya nchi anamoishi.

Kumpatia nani kipi

Mazingira ya mwanafunzi huamua zaidi kuliko ukubwa wa ufadhili. Chukua binti wa kijiji cha wilaya ya Nablus anayetaka ualimu. Tangu Oktoba 2023 vituo vya ukaguzi na mageti ya chuma yameongezeka katika Ukingo wa Magharibi, na safari ambayo ramani inaonyesha ni ya dakika 40 huweza kula asubuhi nzima. Kwake ningechagua An-Najah pamoja na mfadhili yeyote mdogo anayekubali saa 50 za chuo, na huduma yenyewe ningeomba ifanyike katika shule ya kijijini kwao. Ufadhili wenye posho kubwa lakini wenye vikao vya lazima Ramallah kila wiki ningeuweka pembeni, kwa sababu siku tatu za barabara kufungwa zinaweza kumhesabia utoro ambao hakuufanya.

Kijana wa Amman ambaye babu yake alitoka Gaza mwaka 1967 yuko katika hali ya pekee. Wakimbizi wengi wa Kipalestina walioko Jordan wana uraia wa nchi hiyo, lakini hawa wa Gaza, wakiwemo wa kambi ya Jerash iliyofunguliwa mwaka 1968, kwa jumla hawana, na katika vyuo vya umma huweza kutozwa ada za wageni. Kwake yeye ufadhili unaolipa asilimia fulani ya ada ya raia haufai kitu, na sharti la saa nne za Ruwwad ni bei ndogo ikiwa ada yake halisi inalipwa. Swali la kwanza kwake ni uraia, na saa zifuate.

Mwanafunzi wa kambi za Lebanon ningemshauri achague fani kabla ya kuchagua mfadhili, kwa sababu nilizozitaja kuhusu vyama vya taaluma. Na katika kutafuta huduma, aitafute ile itakayompa cheti au barua inayoeleza kazi aliyoifanya kwa undani, kwani mwajiri atakayekuwa tayari kumpokea mara nyingi atakuwa shirika la misaada, na shirika la misaada husoma uzoefu wa namna hiyo kwa makini.

Kuhusu Gaza nataka kusema kwa urefu kidogo, kwa sababu huko ndiko michango ya watu wetu inakoelekezwa zaidi siku hizi. Mwaka 2024 wanafunzi wapatao 39,000 wa Gaza hawakuweza kufanya tawjihi kabisa, na waliofuata wameufanya mtihani huo kwa njia ya mtandao, wakitafuta umeme na intaneti kama watafutavyo maji. Vyuo vya Ukingo wa Magharibi vimewapokea wanafunzi wa Gaza kwa masomo ya mbali, na kwa mchangiaji hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi: kumlipia mwanafunzi krediti zake, na simu au kompyuta ya kusomea, huku akiwa bado hemani. Je, naye awekewe saa za huduma? Najua wako wanaoona kuwa sharti humpa mpokeaji heshima, ya kwamba hapewi sadaka bali anashirikiana. Fikra hiyo ina ukweli wake huko Amman na Birzeit. Lakini kijana wa Gaza anayepanga foleni ya maji asubuhi, anayewafundisha kusoma watoto waliojaa katika makazi ya wakimbizi alasiri, na anayesoma usiku chaji ikiruhusu, amekwisha kutoa saa nyingi kuliko programu yoyote niliyoieleza.

Ninachopendekeza kwa vikundi vyetu ni kwamba kazi anayoifanya tayari itambuliwe kuwa ndiyo huduma, kwa barua fupi ya mwalimu au msimamizi wa makazi inayothibitisha anafundisha nini na wapi, bila daftari la saa wala ripoti za kila wiki. Picha za watoto wenye njaa zisidaiwe kuwa ushahidi. Mawasiliano yakikatika kwa wiki kadhaa, malipo ya krediti chuoni yaendelee, kwa kuwa chuo ndicho kinacholipwa na nafasi yake ndiyo inayolindwa. Kikundi kikishindwa kukubali masharti mepesi kiasi hicho, ni afadhali fedha zake zipelekwe moja kwa moja katika mfuko wa wanafunzi wa chuo chenyewe, ambao maofisa wake wanawajua vijana hao na wana njia zao za kuwafuatilia.